Leseni Yangu Inaishia Darajani

Nilipokuwa nesi Kenya, leseni ya Baraza la Wauguzi niliitumia Voi, nikaenda nayo Kilifi, kisha Lodwar. Hakuna aliyeniuliza nyingine. Hata katiba ya 2010 ilipozikabidhi kaunti 47 huduma za afya, kaunti ziliajiri lakini usajili ukabaki wa nchi nzima. Kilichotukwamisha ni ajira. Manesi waliosajiliwa walikaa nyumbani huku wodi zikilemewa.

Sasa naishi Moorhead, Minnesota. Nikivuka daraja la Red River, dakika chache tu, niko Fargo, North Dakota. Kazi huko ipo, tena wanakuhitaji kesho asubuhi, ila leseni ya Minnesota haivuki mto. Mtihani wa NCLEX, unaofanywa ili kupata leseni ya unesi, ni mmoja Marekani nzima, na kidonda cha mgonjwa wa sukari huoshwa vilevile ng'ambo zote mbili. Lakini ili nishike zamu Fargo nilijaza fomu upya, nikatoa alama za vidole tena, nikalipa ada tena. Leo natunza leseni mbili, kila moja na tarehe yake ya kuisha. Hata nikiwa Moorhead nikampigia simu mgonjwa aliye kwake Fargo kumwelekeza kuhusu insulini, sheria inahesabu kwamba nimefanya kazi North Dakota.

Mwenzangu anayeishi Fargo ana leseni moja inayokubalika katika majimbo zaidi ya 30. Inatokana na mkataba wa majimbo kuhusu leseni za wauguzi, ulioanza mwaka 2000 na kufanyiwa marekebisho makubwa 2018. Leseni hiyo hutolewa na jimbo unakoishi, kwa masharti ya pamoja, ukiwemo ukaguzi wa rekodi ya jinai. Wisconsin, Iowa na Dakota zote mbili zimo. Minnesota haimo, na mswada wa kuiingiza umefikishwa kwenye bunge la jimbo, St. Paul, mara kadhaa bila kupita.

Chama cha manesi cha jimbo kinaupinga, na hofu yake naijua. Wanasema hospitali zitaleta manesi wa nje kwa urahisi wakati wa mgomo, na kwamba bodi yetu ya uuguzi itapoteza mamlaka. Mimi nilikuwa kwenye mgomo wa Kenya wa 2017 uliodumu miezi mitano. Siwezi kulidharau jambo hilo. Lakini mwaka 2022 manesi wapatao 15,000 walipogoma hapa Minnesota kwa siku tatu, hospitali zilileta manesi wa muda, na mkataba huo wa leseni hatukuwa nao. Kuhusu mamlaka, nesi anayemhudumia mgonjwa Minnesota atafuata sheria za Minnesota hata leseni yake ikitoka kwingine. Kwa hiyo mgomo tuulinde kwa sheria za kazi. Leseni si mahali pake.

Ndiyo maana nauunga mkono mswada huu, na nawaomba Wakenya, Wasomali na Wakongo tulio kwenye uuguzi hapa tuwaandikie wabunge wetu. Sisi ndio wenye zamu za usiku na za nyumba za wazee, na wengi tunaunganisha kazi mbili ili karo ifike nyumbani.

Juzi binti wa dada yangu, aliyefaulu NCLEX, alinipigia. "Anti, nipange nyumba wapi, karibu nawe au ng'ambo?" Nilitamani sana awe jirani yangu. Nimemwambia apange Fargo.