Ushindi wa AlexNet ulikuwa wa nani?

Mwaka 2012 mtandao wa neva, yaani programu ya kompyuta inayojifunza kwa mifano, uitwao AlexNet uliingia shindano la ImageNet la kutambua vitu vilivyomo kwenye picha, ukawaacha wenzake mbali: ulikosea asilimia 15.3, aliyefuata asilimia 26.2. Wengi huhesabu zama hizi za akili mnemba kuanzia hapo. Lakini je, sifa ni za akili mnemba peke yake?

Wanaosema ndiyo wana hoja nzito. Mbinu ya kuifunza mitandao ya tabaka nyingi kwa kurudisha makosa nyuma, tabaka kwa tabaka, ilipata umaarufu mwaka 1986. Baadaye wengi waliipa kisogo, ila watafiti wachache akina Geoffrey Hinton na Yann LeCun hawakuiacha. Bila ung'ang'anizi wao, AlexNet isingekuwepo.

Basi kwa nini ilichukua miaka 26? Kwa sababu majirani, yaani fani nyingine ambazo akili mnemba inazitegemea, walikuwa hawajafika. AlexNet ilifunzwa kwa kadi mbili za grafiki za Nvidia, GTX 580, zilizoundwa kwa ajili ya michezo ya kompyuta, na hata hivyo kazi ilichukua siku tano hadi sita. Kadi za namna hiyo zilifaa kwa hesabu za mitandao ya neva kwa kuwa waandishi wa programu walikuwa wamezifungulia njia mwaka 2007 kupitia CUDA, programu ya Nvidia inayoruhusu kadi za grafiki kufanya hesabu zisizo za picha. Tena kulikuwa na picha zenyewe, zaidi ya milioni moja za mafunzo, zilizokusanywa na mtafiti Fei-Fei Li na wenzake kutoka intaneti, zikawekewa lebo na vibarua wa mtandaoni. Hao vibarua hawatajwi sana, nami naona ni dhuluma.

Kwa hiyo mizani yangu inaelemea upande wa majirani, hasa nikifikiria Kiswahili. Mtandao wa neva wa kutambua usemi unaweza kupakuliwa leo bure. Kinachopungua ni sauti za wasemaji wa Mombasa, Lubumbashi na Zanzibar, zikiwa zimerekodiwa na kuhakikiwa. Mradi wa Common Voice wa Mozilla unazikusanya kwa watu wanaojitolea, sentensi moja moja. Hiyo ni kazi ya wanaisimu, watu wa takwimu na watunza hifadhidata, na ningependa fedha za utafiti zianzie kwao kabla ya kununua mashine kubwa.