Pole Meneja, Huenda Ukapona

Katika yote niliyofundishwa kwenye Kiingereza, hakuna kilichonipa kiburi kama vitenzi visaidizi. Nasema wale tisa: can, could, may, might, must, shall, should, will na would. Vitenzi vingine vya Kiingereza vina visirani. Leo go, jana went, ukigeuka gone, na akitajwa mtu wa tatu unadaiwa s. Hawa tisa hawana makuu. I can, she can, they can. Hakuna s, hakuna ing, hata ile to ya kuungia hawaitaki. Unamweka mbele ya kitenzi kingine, basi, unaendelea na maisha yako. Nikasema hiki ndicho Kiingereza nilichokuwa nakitafuta siku zote.

Nilikuwa nasoma masomo ya jioni, yale ya watu wazima tunaokaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegota kifuani. Nikachora jedwali daftarini. Can, kuweza. Must, lazima. Should, kupaswa. May, huenda, na pia dua. Will, ta. Not, si. Likapendeza mpaka nikalipiga picha nikaliweka mbele kabisa kwenye simu, mahali ambapo wenzangu huweka watoto wao.

Kisha Mwalimu akaleta somo la adabu. "Can you help me" si kosa, akasema, lakini ukitaka watu wajue umelelewa, sema "Could you help me". Vivyo hivyo will na would. Could na would ni sura za wakati uliopita, na ombi ukilirudisha nyuma kidogo linampa anayeombwa nafasi ya kupumua. Nikaona mbona hata sisi tunafanya. Mtu anayetaka kukukopa hasemi "naomba". Anasema "nilikuwa naomba", na wakati huo mkono ameshaunyoosha.

Nilielewa, tena nadhani nilielewa kupita alichofundisha, maana usiku ule nilijitungia kanuni. Kila kisaidizi kina ndugu yake mpole. Can ana could, will ana would, shall ana should, na kwa hesabu hiyo hiyo may ana might. Ukizungumza na mkubwa, mwite ndugu mpole. Naomba mtu anionyeshe kasoro ya kimantiki katika kanuni hiyo. Haipo. Mpaka leo naitetea.

Siku hizo hizo meneja wetu akalazwa. Alikuwa mama mgeni, mkali lakini wa haki, Kiswahili chake kikiishia kwenye salamu. Ofisini tulizungumza naye Kiingereza, kila mtu na chake. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, na dada wa mapokezi akaleta kadi kubwa, ndani nyeupe tupu, akauliza nani ataandika. Macho yote yakamwendea mhasibu, mzee ambaye Kiingereza chake ni cha kweli. Akasema yuko kwenye hesabu za kufunga mwezi, asisumbuliwe. Kukawa kimya. Hapo nikakohoa, nikasema kwa sauti ya mtu asiyependa sifa kwamba mimi, kwa sasa, niko kwenye visaidizi.

Nikakabidhiwa kadi.

Kwanza dua. Nilitaka kusema "upone", na kwenye jedwali dua ni may. Lakini huyu ni meneja, hawezi kuombewa kwa may ya watu wa kawaida. Nikampa might. Pili nilitaka kumtoa wasiwasi kwamba si lazima arudi ofisini haraka. Lazima ni must, si ni not. Tatu, kazi tunaimudu, asijali. Can, kwa hiyo could. Nne, hatutamsumbua kwa simu. Will, kwa hiyo would. Mwisho, tutamkumbuka. Hapo nilichagua shall, maana Mwalimu alisema ina uzito, kisha nikailainisha ikawa should. Nikaandika kwa mwandiko wa kulala, wino wa bluu:

"Dear Madam. You might recover. You must not come back to the office. We could manage without you. We would not call you. We should miss you."

Kila sentensi ikiwa na kisaidizi chake. Nilikuwa natamani Mwalimu aione.

Kadi ikazunguka kwa ajili ya saini. Mhasibu, mtu anayerudisha risiti kwa sababu tarehe imefifia, alisaini bila kuinua macho kwenye tarakimu zake. Kijana wa kompyuta akasaini. Mlinzi akasaini. Dereva akasaini na kuchora moyo mdogo pembeni, kisha akaipeleka mwenyewe hospitalini.

Aliporudi hakuwa na furaha aliyoondoka nayo. Anasema Mama aliisoma, akanyamaza, akaisoma tena, akaigeuza nyuma kuona kama kuna maelezo zaidi, halafu akauliza swali moja tu: nani amekalia kiti changu?

Daktari alikuwa amempa mapumziko marefu. Hakuyamaliza. Asubuhi moja tulimwona anaingia amejipinda upande, mkono kwenye mshono, kadi kwapani. Akaita kikao.

Akaanza kuisoma kwa sauti, polepole. Mimi nilikuwa natikisa kichwa kwa kukubali kila nukta, ila niliona uso wa mhasibu unabadilika rangi, kila sentensi na rangi yake. Sasa ngoja nikupe alichokuwa anakisikia mhasibu. Huenda ukapona, ingawa tusikudanganye. Marufuku kurudi ofisini. Tungeweza kabisa kuendelea bila wewe. Tulikataa katakata kukupigia simu. Inatupasa kukukumbuka. Chini yake, saini za ofisi nzima na moyo mmoja.

"You might recover?" akauliza, anatutazama mmoja mmoja.

Wenzangu walipokwepa jicho lake nikaona aibu kumwacha mgonjwa bila jibu. "Yes, Madam," nikasema kwa unyenyekevu wote. "You might."

Akajua ni nani. "Would you mind standing up?"

"Yes, Madam!" nikaruka, nikasimama wima. Mhasibu akafumba macho. Kumbe hapo Kiingereza hakiulizi kama utasimama, kinauliza kama itakukera kusimama. Nimemjibu bosi wangu, mbele ya watu, kwamba ndiyo, itanikera, na wakati huo nimesimama kama niko gwaride.

Akanitazama sana. Halafu akasema, taratibu, kila neno peke yake: "You must be very proud of yourself."

Must. Hii nilikuwa naijua hata usingizini. Lazima. Bosi ameamuru nijivunie, na mimi siyo mtu wa kukaidi amri kikaoni. Nikavuta suruali juu, nikanyoosha tai, nikajaza kifua hewa, nikaachia tabasamu mpaka magego yakapigwa upepo.

"Yes, Madam," nikasema. "I must."

Nasikia ile must haikuwa ya amri, ilikuwa ya kukisia, ya "bila shaka", tena yenye kejeli ndani yake. Na si kwamba sisi hatuna ya namna hiyo. Tunasema "lazima atakuwa amelala huyu" na hakuna aliyeamuriwa kulala. Lakini mtu hukumbuka hayo akiwa nyumbani, siyo akiwa amejaza kifua.

Chumba kikanyamaza. Meneja akainamisha kichwa juu ya kadi, mabega yakaanza kutikisika. Dada wa mapokezi akaanza kulia kwa kumhurumia. Dereva akasogea mlangoni, tayari kuleta gari. Alipoinua uso ndipo tukaona anacheka, tena kile kicheko kinachouma, amekamata mshono kwa mikono miwili. "You must not make me laugh," akasema huku machozi yanamtoka. "You must not!"

"Sikia hiyo," mhasibu akaninong'oneza, amenishika mkono wa shati. "Hiyo ndiyo must not yenyewe. Anakukataza. Si lazima inasemwa don't have to, mwanangu. Hii not yao haiigusi must, inairuka na kuangukia kitenzi cha mbele. Wewe umemwambia mama wa watu lazima asirudi."

"Mzee, si ulisaini?"

"Nilikuwa na hesabu."

Kijana wa kompyuta naye akaona asipitwe. "Kaka, sisi watu wa mtandao tulishamaliza ubishi huu tangu Machi 1997. Kuna waraka unaitwa RFC 2119. MUST NOT ni katazo kamili, halina mjadala. SHOULD ni jambo la kufanya, ila ukiwa na sababu nzito na umepima madhara, unaruhusiwa kuliacha. MAY ni hiari yako. Kwa kipimo chetu, umempiga marufuku ofisi moja kwa moja, halafu kumkumbuka umesema tunaweza kuacha tukiwa na sababu."

Nikamuuliza yeye mwenye nyaraka zote hizo kichwani kwa nini alisaini. Akasema alidhani ni karatasi ya mahudhurio.

Jioni nikaenda darasani na kinyongo. Nilimwambia Mwalimu kwamba kanuni ya upole imeniponza. Akaomba nimwandikie ubaoni ile kadi nzima. Nikaandika. Ilibidi atoke nje kidogo.

Aliporudi alinituliza, akasema hata wenye lugha walipelekeshwa na hawa tisa. Akanitajia John Wallis, mwanahisabati wa Uingereza, ambaye mwaka 1653 alitoa kitabu cha sarufi ya Kiingereza, amekiandika kwa Kilatini, na humo akaamua kwamba ukitabiri jambo, mimi na sisi tunachukua shall, wengine wote will. Ukizigeuza, siyo utabiri tena, ni ahadi au kitisho. Ndiyo maana wana kichekesho chao cha zamani cha mgeni aliyetumbukia mtoni akapiga kelele, "I will drown, nobody shall save me!" Yaani nimeamua kuzama, na asithubutu mtu kuniokoa. Watu ukingoni wakaheshimu uamuzi wake.

Darasa likacheka. Mimi sikucheka, nilimwelewa sana yule bwana.

Mwalimu akaendelea, maana akishapata msikilizaji hamwachii. Will hapo kale ilikuwa kutaka, kama ta yetu ilivyotoka kwenye taka. Can ilikuwa kujua. Na shall ilikuwa kudaiwa, mtu ana deni. Hapo nikamsimamisha. Kwa hiyo "we should miss you" ina deni ndani yake? Akasema kwa asili, ndiyo. Nikaona basi meneja alikuwa ameisoma sawasawa: wafanyakazi wanaodaiwa majonzi na dalili za kulipa hazionekani. Kuhusu dua, akasema kisaidizi ndicho hutangulia, "May you recover". Ukikihamishia nyuma ya you, dua inageuka utabiri wa hali ya hewa. Na might haombei mtu, awe mpole namna gani.

Meneja naye alirudi nyumbani kumalizia mapumziko yake, safari hii bila hofu ya kupinduliwa. Aliporudi ofisini moja kwa moja alikuwa na nia mpya: anajifunza Kiswahili. Na kwa kuwa sisi hatukuwa na kitabu cha kumpa, aliniomba lile jedwali langu, kwa kuwa aliliona kwenye simu siku nilipokuwa najitetea. Nilimtumia. Nikiri kwamba niliona fahari. Sikuwa nimelibadilisha hata mstari, ni nani atakaa aanze kuchora upya?

Alilisoma kinyumenyume, kutoka kwake kuja kwetu, na kwa bidii. Haikupita muda akaniita kwenye korido, nje ya stoo ya karatasi. Pale ndipo dereva na wenzake walikuwa wakijificha kuvuta sigara, na tangazo la Kiingereza walikuwa hawalijali, wanasema halijatafsiriwa. Sasa amelitafsiri mwenyewe. Amelichapa kwa herufi nene, amelibandika kwa gundi pembe zote nne, analisawazisha kwa kiganja mikunjo iishe:

SI LAZIMA KUVUTA SIGARA HAPA.

Akarudi hatua moja nyuma, mikono kiunoni, akanigeukia. "Well?"

Nikalisoma. Nikalisoma tena. Kwa mbali nilimwona dereva anakuja, sigara bado haijawashwa, anapunguza mwendo anapoona ukuta una kitu kipya.

"You must be very proud of yourself, Madam," nikasema.

"I am!" akajibu, uso unang'aa.

Dereva akafika. Akasimama mbele ya tangazo, akalisoma kwa sauti, neno kwa neno, akafikiri kidogo.

"Asante sana, Mama," akasema, akatoa kiberiti. "Wengine walitaka kutulazimisha kuacha."