Roki Yetu Nayo Ni Zilipendwa

Redio zetu zikipiga zilipendwa, ni zamu ya Mbaraka Mwinshehe, Marijani Rajab na NUTA Jazz. Wanastahili kabisa. Lakini miaka hiyohiyo ya 60 na 70 vijana wa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa walirekodi twisti, roki na soul (muziki wa Wamarekani weusi), nyingine kwa Kiingereza, na nyimbo hizo tumezitupa kando kwa madai kwamba ni za kuiga. Madai hayo yananikera.

Tazama Sunburst. Bendi hii ilianza Dar es Salaam mwaka 1970, ikiwa na wanamuziki wa nchi mbalimbali. Novemba 1969, Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa umetangaza marufuku ya soul jijini humo. Katika jiji hilo hilo Sunburst wakashika magitaa ya umeme, wakachanganya roki na midundo ya ngoma zetu, wakaimba Kiswahili na Kiingereza. Albamu yao, Ave Africa, waliirekodi Zambia mwaka 1976, na muda si mrefu bendi ikasambaratika. Iliyokuja kuitoa upya ni Strut, kampuni ya London, mwaka 2016. Miaka 40 baadaye! Siwalaumu Strut hata kidogo, kwani kazi hiyo ilikuwa yetu na hatukuifanya.

Na hili la kuiga tuliangalie vizuri. Rumba, ambayo leo hakuna anayeiita ya kigeni, ilikua Kongo kwa wanamuziki kusikiliza santuri za Kuba, zile za mfululizo ulioitwa GV zilizoanza kuingia Afrika miaka ya 30. Kwa nini gitaa la Havana lisamehewe, la Memphis, Marekani, likataliwe? Tena muziki haukutiririka upande mmoja tu. Daudi Kabaka, bingwa wa twisti wa Kenya aliyerekodi na Equator Sound ya Nairobi, alikuwa na wimbo wake Helule Helule. Mwaka 1968 The Tremeloes, bendi ya Uingereza, wakauimba wao, ukapanda hadi nafasi ya 14 katika chati za kwao. Hapo nani kamwiga nani?

Slim Ali na Hodi Boys wa Mombasa wao waliimba soul kwa Kiingereza bila kuomba radhi kwa mtu. Mimi nasikia Mombasa kabisa, mji wa bandari uliozoea kupokea cha mgeni na kukifanya chake.

Kinachonihofisha zaidi ni majina. Lebo ya santuri ndogo mara nyingi inamtaja mwimbaji, bendi na kampuni, basi. Mpiga besi hayumo, mpiga dramu hayumo. Anayeweza kutuambia ni mzee aliyekuwepo studio, na wazee hao wanatutoka. Wanunuzi wa santuri kutoka Ulaya wanalijua hilo, ndiyo maana wanapita nyumba kwa nyumba wakiuliza. Kama babu yako ana boksi la santuri chini ya kitanda, msikilize kwanza. Andika kila jina analolikumbuka, piga picha lebo za pande zote mbili pamoja na namba zake, nakili sauti. Bei mtazungumza baadaye.