Mwanafunzi wa Kigeni Si Mtalii, Mpeni Kazi

Nyumba nyingi za Ng'ambo na Mji Mkongwe, hapa mjini Zanzibar, zimezoea kukaa na wanafunzi wa kigeni waliokuja kusoma Kiswahili. Si jambo la jana. TAKILUKI, taasisi ya Kiswahili na lugha za kigeni, ilianza kuwafundisha wageni zaidi ya miaka 40 iliyopita, na kazi hiyo sasa inaendelea ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Wanakuja kwetu kwa kuwa Kiunguja, lahaja yetu, ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Darasani watapata sarufi. Maneno yenyewe yako uani, kinapopikwa chakula.

Kwetu tumepokea wengi, na nikiulizwa na mama anayetaka kupokea kwa mara ya kwanza, jibu langu ni moja: usimtukuze mno.

Nimeona nyumba ambayo kijana alikuwa akiandaliwa peke yake mezani, tambi na chipsi zimefunikwa kawa, feni imeelekezwa kwake. Wenyewe wako chini kwenye mkeka, wamezunguka sinia, wanacheka. Walifanya kwa moyo safi kabisa. Lakini yule kijana aliondoka Unguja akiwa hajui kula wali kwa mkono, na Kiswahili chake hakikuvuka "asante, nimeshiba".

Kwetu, binti kutoka Ujerumani alikalishwa juu ya mbuzi ya kukunia nazi wiki ile ile aliyofika. Bibi alikaa pembeni yake kwenye kibao, kifumbu mkononi, akawa anamwelekeza: zungusha kifuu, usikandamize, ukifika chini acha, utatutilia weusi kwenye tui. Haya, chuja. Hilo la kwanza weka kando, ongeza maji, kamua tena. Nani angemfundisha vitenzi vyote vile kwa asubuhi moja, tena kwa mtu asiyekubali kujibiwa kwa Kiingereza? Ilipofika Ramadhani yeye ndiye aliyekuwa akitumwa nyumba ya pili na bakuli la kaimati kabla ya magharibi. Anapiga hodi, anaamkia wakubwa, anarudi na bakuli limetiwa muhogo wa nazi, maana halirudi tupu, na juu ya hayo habari za mtaa mzima.

Kazi peke yake haitoshi, na masharti yasemwe mapema. Kubwa kuliko yote ni simu. Mwanamke akiwa ndani kwake yuko kichwa wazi, amejifunga kanga, anasukwa. Mgeni anaona uzuri wa maisha, anapiga picha, na kabla ya isha picha iko mtandaoni, inatazamwa na wanaume ambao hata mlango wetu hawangebisha. Yametufika. Waliomleta mwanafunzi aliyepiga picha hiyo walikuwa wamempa karatasi ya malaria, ya maji, ya mavazi ya barabarani. La picha za ndani halikuwemo. Wenye nyumba wengi hunyamaza kwa kumstahi mgeni. Mimi sioni stahi hapo. Aambiwe usiku wa kwanza, kwa upole na kwa uwazi: humu hapigwi mtu picha bila kuulizwa.

Na yeye ana haki zake. Maji yachemshwe, na chumba kiwe na mlango unaofungika. Akijifungia mchana hajanuna. Huko alikotoka mtu huzoea kupata saa yake peke yake. Watoto wakatazwe kumgongea.

Fedha zinazolipwa kwa ajili yake sizionei haya, maana mchele na gesi vinanunuliwa. Ubaya ni pale fedha inapokuwa ndiyo sababu, nyumba ikageuka hoteli. Watoto wetu wa skuli waliokwenda Marekani kwa YES, mpango wa serikali ya huko wa kubadilishana wanafunzi ulioanzishwa mwaka 2002, walikaa mwaka wa masomo na familia zisizolipwa kitu. Huko waliosha vyombo, walitoa taka, walipangiwa zamu ya kusafisha bafu. Mzazi wa hapa akisikia huona mwanawe ametumikishwa. Mimi naona amechukuliwa kuwa mtoto wa nyumba, na wageni wetu tuwachukue hivyo hivyo.

Kwa wanaoendesha mipango hii nina ombi. Wanafunzi huitwa wakapewa maelezo kabla ya kuja majumbani. Mama wa nyumba nao waitwe, wale waliokwisha kupokea wakae na wanaoanza, wasemezane wenyewe. Na muda ukimalizika, mwanafunzi huulizwa chakula kilikuwaje, chumba kilikuwaje, familia ilikuwaje. Basi na mama aulizwe kuhusu mwanafunzi, na atakayosema yafanyiwe kazi kabla ya kuletwa mwengine.