Rimu pana kwenye IST: mnabishania inchi, kinachosugua ni ofseti

Ukikaa kwenye gereji ya tairi Ilala au Sinza, Dar es Salaam, hutakosa kuona Toyota IST imevalishwa rimu za inchi 17, na ikipita tuta tairi linakwaruza fenda. Wapo wanaosema dawa ni kubaki na saizi ya kiwandani, basi. Wengine wanasema tairi jembamba lililozama ndani ya bodi linaharibu sura ya gari, na anayelalamika hajapata fundi mzuri. Pande zote zinabishania inchi, wakati mara nyingi mkosaji ni ofseti.

Ofseti ni umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapokaa kwenye habu. Huchongwa nyuma ya spoku, mfano 15x6J ET45: kipenyo inchi 15, upana inchi 6, ofseti milimita 45. ET ikipungua, rimu inasogea nje. Ukiitoa hiyo ukaweka 17x7J ET35, ukingo wa nje unatoka karibu milimita 23 zaidi, wa ndani hauongezeki hata 3. Springi ikibonyea, hizo 23 ndizo zinazokutana na fenda. Rimu ya upana huohuo yenye ET45 ingetoka 13 na kuingia 13, na hapo cha kuangalia ni shokapu. Muuzaji anayeuliza inchi na matundu ya nati bila kutaja ET anakuuzia kwa kubahatisha.

Wapenzi wa rimu kubwa wana haki kwenye jambo moja: kuongeza inchi si lazima kulete msuguano. Tairi la 185/65R15 (upana milimita 185, ubavu asilimia 65 ya upana huo, rimu ya inchi 15) lina kipenyo cha milimita 621 hivi, na 195/55R16 linaangukia palepale, tofauti haifiki milimita moja. Kwa IST, mimi ningeishia hapo.

Zaidi ya hapo nakubaliana na wanaoogopa, kwa sababu ya barabara zetu. Mvua ikinyesha Goba, shimo linajaa maji na hulioni. Tairi la 205/45R17 lina ubavu wa milimita 92, la awali lilikuwa na 120. Kishindo kinafika kwenye rimu. Halafu magari yetu yanabeba. Jumamosi ni watu watano na gunia la mchele kwenye buti, nyuma imekaa chini. Rimu iliyojaribiwa gari likiwa tupu juu ya jeki haijajaribiwa.

Tiba za mtaani sizikubali kabisa. Spesa, kile kisahani kinachowekwa kati ya habu na rimu, inasukuma tairi nje: inaweza kusaidia linapogusa shokapu, lakini nimeona ikifungwa kwenye gari linalosugua fenda, yaani ugonjwa unaongezwa. Kukunja fenda kunabandua rangi, na kwa unyevu wa pwani kutu haichelewi.

Kabla ya kulipa, omba rimu moja ifungwe mbele na moja nyuma, zikiwa na tairi utakazotumia. Kata usukani hadi mwisho pande zote mbili, pakia watu watatu kiti cha nyuma, kisha panda tuta polepole huku mwenzako akichungulia fenda. Muuzaji akikataa, mwachie rimu zake.