Mguno Unaomeza Jina

Wiki iliyopita nilikwenda kutazama tamthilia ya muziki, na kabla taa hazijazimwa kipaza sauti kikatangaza kwamba mhusika mkuu angechezwa na mwigizaji wa akiba. Ukumbi mzima uliguna. Kwa sababu ya mguno huo, jina la mwigizaji mwenyewe halikusikika kabisa.

Ninaujua mguno huo kutoka upande wa pili wa pazia. Niliusikia nikiwa nimesimama gizani, huku mtunza maleba akiwa amepiga magoti akibana kwa pini gauni lililoshonwa kwa kipimo cha mwili wa mwenzangu. Alisita kidogo, akanishika kifundo cha mguu, kisha akaendelea na pini yake. Hatukusemezana.

Wengi hudhani kwamba mwigizaji wa akiba ni yule aliyepungukiwa na kipaji. Laiti wangejua jinsi anavyojifunza kazi yake! Mwenye nafasi hufanya mazoezi kwa wiki kadhaa, akielekezwa hatua kwa hatua na mwongozaji, na hupata siku za kuimba pamoja na okestra nzima kabla ya onyesho la kwanza. Wa akiba, kwa sehemu kubwa ya muda huo, hukaa pembeni na daftari, akiandika mwenzake amesimama wapi, amegeuka kwa neno gani, na amevuta pumzi kabla ya ubeti upi. Mazoezi yake mwenyewe mara nyingi huanza baada ya onyesho kufunguliwa, pengine mara moja tu kwa wiki, chini ya meneja wa jukwaa na kiongozi wa dansi, akiwa katika nguo zake za kawaida na piano peke yake. Ukingoni mwa jukwaa letu palikuwa na namba, sifuri ikiwa katikati na nyingine zikipanda kwenda kila upande, na mimi nilizikariri kama sala: mbili kushoto kwenye ubeti wa kwanza, nne kwenye kibwagizo, kisha kurudi sifuri kabla ngazi haijasukumwa ndani, kwa maana ngazi ile haikumsubiri mtu. Usiku nilioitwa ndio ulikuwa usiku wangu wa kwanza kuimba nyimbo zile na okestra, mbele ya watu waliokwisha kuguna.

Waigizaji wa akiba wanaobeba nafasi nyingi za kundi la waimbaji na wachezaji, kila moja na njia yake na sauti yake, wana mzigo mzito kuliko wangu.

Mnamo Desemba 2021, huko Broadway, eneo la kumbi kubwa za maonyesho jijini New York, mwigizaji wa akiba Kathy Voytko alifika kazini saa sita mchana akiwa tayari kucheza yoyote kati ya nafasi nane, na jioni hiyo hiyo akacheza mhusika mkuu wa kike katika tamthilia ya muziki The Music Man badala ya Sutton Foster. Hugh Jackman, aliyecheza mhusika mkuu wa kiume, alizungumza na hadhira mwishoni ili kumsifu Voytko na wenzake wa akiba. Foster mwenyewe aliingia katika nafasi iliyompatia tuzo ya Tony, ile ya maonyesho ya Broadway, mwaka 2002 kwa njia hiyo hiyo: alikuwa wa akiba.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba aliyenunua tiketi kwa ajili ya mtu mmoja ambaye jina lake limeandikwa juu ya jina la onyesho ana haki ya kusikitika, na hata ya kudai fedha zake. Basi aende dirishani akadai. Haki hiyo haimruhusu kumvunja moyo binadamu aliye hatua chache kutoka kwenye mwanga, ambaye bila yeye onyesho lingeahirishwa na sote tungerudi nyumbani.

Nalipenda neno letu hili, akiba, kwa kuwa ndilo tunalolitumia kwa kile kinachoiokoa nyumba siku ya shida. Hakuna anayeguna akifungua ghala na kukuta chakula.

Mwigizaji wa wiki iliyopita hakukosea hata alama moja ya jukwaa. Watu walipokuwa wakitoka, niliinama chini ya kiti kutafuta kile kikaratasi cha mabadiliko ya waigizaji kilichodondoka kutoka kwenye kijitabu cha onyesho, maana bado nilikuwa silijui jina lake.