Gesi, betri na hezi 50

Watetezi wa mitambo ya gesi husema bila gesi, gridi (mtandao wa umeme) iliyojaa umeme wa jua na upepo haiwezi kushikilia masafa ya hezi 50, yaani mizunguko 50 ya umeme kwa sekunde. Hoja hiyo ina ukweli, ila inachanganya kazi mbili.

Kazi ya kwanza ni ya sekunde. Kituo kikubwa kikizimika ghafla, masafa huanza kushuka papo hapo. Rota nzito ya mtambo wa gesi, yaani sehemu yake inayozunguka mara 3,000 kwa dakika, hupunguza kasi ya mporomoko bila kuamriwa na mtu, kisha gavana, kifaa kinachodhibiti mwendo, hufungulia gesi zaidi. Tatizo ni kwamba katika turbini nyingi kompresa, inayosukuma hewa ya kuchomea gesi, iko kwenye shafti moja na jenereta. Masafa yakishuka, kompresa nayo hupunguza mwendo, hewa inapungua, na uwezo wa mtambo unashuka wakati ule ule unapohitajika. Isitoshe, mtambo unaotunza akiba ya nguvu kwa dharura huendeshwa chini ya uwezo wake na kula gesi nyingi zaidi kwa kila uniti.

Na mtambo wa gesi wenyewe huzimika. Tarehe 9 Agosti 2019 radi ilipiga laini ya umeme Uingereza; shamba la upepo la Hornsea likapoteza uzalishaji, na kituo cha gesi cha Little Barford vilevile. Masafa yalishuka hadi hezi 48.8 na wateja zaidi ya milioni 1 wakakatiwa umeme. 

Betri hujibu kabla sekunde haijaisha. Uzito unaozunguka nao hauhitaji moto: mwaka 2021 jimbo la Australia Kusini lilikamilisha mashine nne zinazozunguka bila kuchoma chochote, na idadi ya mitambo ya gesi iliyolazimika kuwashwa muda wote ikapunguzwa.

Kazi ya pili, kujaza pengo jua na upepo vinapokosekana, ni ya saa na siku, na hapa gesi inashinda. Betri ya Hornsdale, jimboni humo humo, ilianza mwaka 2017 na megawati 100 na akiba ya megawati-saa 129. Ikitoa nguvu zote, inakauka baada ya saa moja na ushee. Upepo ukilala siku tatu, haisaidii. Kwa hiyo ningeilipa gesi kwa kukaa tayari, si kwa kunguruma mchana kutwa ikisubiri hitilafu. Sharti gesi yenyewe iifikie mitambo: Texas, Februari 2021, baridi iligandisha visima na vifaa vya gesi, vituo vingi vikazimika, na masafa, ambayo kule ni hezi 60, yakashuka hadi 59.3.